Kiti cha magurudumu kinapigwa picha, mwalimu hapigwi: Tuisome bajeti ya Kilifi pamoja

Wewe unayesoma hii ukiwa kwenye matatu ya Malindi kuelekea Mtwapa, ama umejibanza Buntwani ukipunga upepo, nina swali. Mara ya mwisho kumwona mwanasiasa kwenye picha na mtu mwenye ulemavu, walikuwa wameshika nini? Wacha nikisie: kiti cha magurudumu. Kama si kiti basi ni fimbo nyeupe, magongo, ama mfuko wa unga.

Sina ugomvi na kiti cha magurudumu. Anayekihitaji anakihitaji, na wengi bado hawajakipata. Lakini sasa fikiria mtoto wa miaka 6 mwenye usonji. Miguu yake iko fiti, mkishindana mbio anakuacha. Kiti hakimfai kitu. Anachohitaji ni mtu: mwalimu aliyesomea kumfundisha, mtaalamu wa usemi wa kumsaidia kutoa neno la kwanza, na mtu wa kukaa naye ili mamake aende kutafuta riziki. Watu kama hao hawakabidhiwi jukwaani siku moja yakaisha. Wanaajiriwa. Wanataka mshahara mwezi huu, mwezi ujao na mwaka kesho.

Hilo ndilo nataka tulizungumze leo. Kenya ina sheria mpya ya watu wenye ulemavu. Sheria imetoka, hongera zimepigwa. Lakini kuna kundi ambalo haki yao haiwezi kununuliwa dukani ikaletwa kwa lori. Haki yao iko kwenye orodha ya mishahara, na orodha hiyo hupangwa kwenye bajeti ambayo mimi na wewe huwa hatuifungui.

Kwanza tuelewane maneno. Ulemavu wa ukuaji ni ule unaoanza mapema, tumboni au utotoni, na kugusa namna ubongo wa mtoto unavyokua. Usonji uko hapo. Mtindio wa ubongo uko hapo, ule unaofanya viungo vikakamae ama vikose nguvu. Hali ya Down iko hapo, na ulemavu wa akili pia. Si ugonjwa wa kuambukiza na si mkosi. Mtoto anazaliwa au anakua nao, na akipata watu wa kumsaidia mapema, maisha yake yanabadilika sana. Akikosa, mlango huo unazidi kujifunga kila mwaka unaopita.

SHERIA INASEMA NINI

Mei 8, 2025, Rais William Ruto alitia saini Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2025. Aliyeisukuma katika Seneti ni Crystal Asige, seneta mteule, mwanamuziki ambaye yeye mwenyewe alipoteza uwezo wa kuona. Mswada wake ulianza safari 2023. Sheria hiyo ilichukua nafasi ya ile ya 2003, iliyokuwa imezeeka hata kuliko Katiba tunayotumia sasa. Ukiwa ulizaliwa 2003, basi ile sheria ya zamani ni rika lako.

Katiba ya 2010 ilikuwa tayari imeweka msingi. Kipengele cha 54 kinasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuheshimiwa na kuitwa kwa jina lisilomdhalilisha. Kinasema ana haki ya kusoma katika taasisi zilizo pamoja na jamii, kwa kadiri inavyolingana na mahitaji yake. Na kabla ya hapo, Mei 2008, Kenya ilikuwa imeidhinisha mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki za watu wenye ulemavu. Kwa karatasi, tuko mbele ya nchi nyingi.

Kuna mambo ya kazi pia. Sheria mpya inataka waajiri wa umma na wa kibinafsi wenye wafanyakazi 20 au zaidi watenge asilimia 5 ya nafasi kwa watu wenye ulemavu. Hilo ni zuri na tulifuatilie. Lakini jiulize: yule kijana mwenye ulemavu wa akili ambaye hakuwahi kupata mwalimu anayemwelewa, atafikaje kwenye hiyo asilimia 5? Nafasi ya kazi iko juu ya ngazi, na vidato vya chini havipo.

Vidato hivyo ni bajeti. Basi twende kwenye doo.

SHILINGI 2,000

Serikali kuu ina mpango wa Inua Jamii. Ndani yake kuna fungu la watu wenye ulemavu mkali, lililoanza 2011. Ni la yule anayehitaji kuangaliwa saa zote, kiasi kwamba anayemwangalia hawezi kwenda kazini. Familia inapata shilingi 2,000 kwa mwezi. Kiasi hicho hakijasonga kwa zaidi ya miaka kumi. Unga umepanda, mafuta yamepanda, nauli imepanda, 2,000 imekaa pale pale.

Mimi chuo niliacha karo iliposhinda nyumbani, kwa hivyo usinitarajie nikuchoree grafu. Lakini kugawa na kuzidisha bado najua. Shilingi 2,000 ukigawa kwa siku 30 ni 66 na senti kidogo.

Tuseme kuna mama anaishi Muyeye, hapa Malindi, anauza mahamri na mbaazi asubuhi. Mwanawe ana mtindio wa ubongo na ameambiwa ampeleke kwenye mazoezi ya viungo mara mbili kwa wiki. Mtoto wa miaka 6 si wa kubebwa mgongoni tena, ni lazima tuktuk. Tuseme tuktuk ni 50 kwenda na 50 kurudi. Kwa wiki ni 200, kwa mwezi ni 800. Na siku mbili kila wiki hauzi mahamri. Bado hatujanunua nepi za mtoto mkubwa, na hazipatikani kila duka. Bado dawa ya kifafa, maana watoto wengi wenye mtindio wa ubongo huwa na kifafa pia. Sasa niambie hiyo 2,000 imefika tarehe ngapi.

Tena huyo tumemchukulia kuwa ameingia kwenye mpango. Katika muongo uliopita, kwa miaka kadhaa, fungu hilo lililenga kaya kama 47,000 nchi nzima. Gawa kwa maeneobunge 290 ya Kenya: ni kama kaya 162 kwa kila eneobunge. Kilifi tuna maeneobunge saba: Kilifi Kaskazini, Kilifi Kusini, Kaloleni, Rabai, Ganze, Malindi na Magarini. Kwa wastani huo, kaunti nzima ingepata kama kaya 1,130. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,453,787 Kilifi.

Sasa linganisha na wazee. Tangu 2018 kanuni ya Inua Jamii ni kwamba Mkenya akifikisha miaka 70 na hana pensheni, anastahili. Kuandikishwa kumekuwa na mapengo yake, wazee wenyewe watakuambia. Lakini kanuni ni ya haki: umefikisha umri, umestahili. Kwa mtoto mwenye ulemavu mkali, kanuni imekuwa ya nafasi: anastahili, halafu anasubiri kama kuna nafasi. Hizo ni tofauti mbili kubwa. Haki unaidai, nafasi unaiomba.

Usiniambie ati hakuna nchi ya Afrika inayoweza. Afrika Kusini wana ruzuku ya mtoto anayehitaji uangalizi wa kudumu kwa sababu ya ulemavu mkali. Mzazi mwenye kipato cha chini akitimiza masharti, anapewa kwa sheria. Kiwango chake ni sawa na cha pensheni ya wazee wao, zaidi ya randi 2,000 kwa mwezi, ambazo kwa pesa zetu zinapita shilingi 14,000. Najua wao ni matajiri kutushinda. Tunachoweza kuiga leo si kiwango bali kanuni: mtoto anapimwa, anathibitishwa, analipwa.

DUNIA INAISOMA KILIFI

Hapa ndipo watu wa kwetu tunafaa kukasirika kidogo. Kilifi si mahali ambapo mtu anaweza kusema "hatukujua". Tangu 1989 kuna kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust pale Kilifi, kando ya hospitali ya kaunti. Kwa miongo mitatu watafiti wa hapo wamekuwa wakichunguza malaria kali, kifafa, matatizo ya kuzaliwa na namna yanavyogusa ubongo wa mtoto. Ukisoma makala ya sayansi kuhusu ulemavu wa watoto Afrika, jina Kilifi linarudi kila ukurasa.

Chukua mmoja tu wa utafiti huo, uliochapishwa 2006. Watoto wa miaka 6 hadi 9 wa Kilifi walipimwa. Katika kila watoto 1,000, 61 walikuwa na tatizo la wastani au kali la mfumo wa neva, na 31 lilikuwa limegusa uwezo wao wa kufikiri na kujifunza. Utafiti mwingine wa hapo hapo ulifuatilia watoto waliopona malaria kali, na karibu mmoja kati ya wanne alibaki na kasoro fulani katika kufikiri, usemi au viungo. Yaani mtoto aliruhusiwa kutoka hospitali, watu wakashukuru Mungu, kumbe shule ndiyo ilikuwa inamsubiri na mtihani mwingine.

Sensa ya 2019 kwa upande wake ilisema Wakenya wenye ulemavu ni asilimia 2.2 ya walio na miaka 5 kwenda juu, watu kama laki tisa hivi. Sensa iliuliza kuhusu kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia na kuwasiliana. Haikuuliza moja kwa moja kuhusu usonji. Na karani amesimama mlangoni na jirani zako wanasikia, si kila mzazi atafungua moyo. Vipimo hivi viwili havifanani, kwa hivyo usivijumlishe. Ila vinakuonyesha kwamba mtoto akipimwa anaonekana, na akiulizwa mlangoni mara nyingi anapotea. Bajeti hupangwa kwa kuangalia waliohesabiwa.

Hata kipimo cha kumpima mtoto tunacho. Profesa Amina Abubakar na wenzake walitengeneza hapa hapa chombo cha kuchunguza ukuaji wa watoto wadogo, na kikabeba jina la Kilifi. Hakihitaji mashine ya bei ghali. Kinahitaji mtu aliyefunzwa na muda wa kukaa na mtoto. Tunarudi pale pale: mtu.

SERIKALI MBILI, MTOTO MMOJA

Ukitaka kujua kwa nini mama wa Muyeye anatupwa huku na huku kama mpira, fungua Jedwali la Nne la Katiba. Hapo ndipo kazi za serikali ziligawanywa. Shule za msingi, sekondari na elimu maalum ziko mikononi mwa serikali kuu. Chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, hospitali na zahanati za kaunti, na vituo vya kulea watoto viko mikononi mwa kaunti.

Sasa fuata mtoto. Anazaliwa kwenye zahanati ya kaunti. Anaenda kliniki ya kaunti kupigwa chanjo, na hapo ndipo muuguzi angeona kwamba ana miezi 10 na bado shingo haijakaza. Anafika umri wa chekechea, bado ni kaunti. Hiyo miaka ya mwanzo ndiyo muhimu kuliko yote, na yote iko chini ya Gavana na wawakilishi wadi, si Nairobi. Akifika darasa la kwanza, anavuka kwenda serikali kuu: mwalimu wa elimu maalum anaajiriwa na TSC. Katikati ya vuko hilo hakuna daraja. Ukiuliza kaunti, elimu maalum si yao. Ukiuliza Nairobi, mtoto mdogo si wao.

Na hapo kwenye orodha ya kaunti kuna maneno ambayo hayazungumzwi sana: vituo vya kulea watoto. Katiba imeipa kaunti kazi hiyo waziwazi. Kituo kimoja Malindi mjini chenye walezi waliofunzwa kukaa na mtoto mwenye mtindio wa ubongo au usonji kuanzia asubuhi hadi saa tisa alasiri, na yule mama anarudi kwenye mahamri yake. Hataki makubwa. Anataka asubuhi zake.

KWA NINI PESA INAMRUKA

Bajeti ya kaunti imegawanywa mara mbili. Kuna matumizi ya kawaida, yaani mishahara, dawa, mafuta ya ambulansi. Na kuna matumizi ya maendeleo, yaani majengo, barabara, visima. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 iende kwenye maendeleo. Kanuni za 2015 zinataka mishahara isipite asilimia 35 ya mapato ya kaunti. Nia ni nzuri. Bila vikomo hivyo, kaunti ingeajiri mashemeji mpaka pesa iishe.

Lakini angalia inavyomwangukia mtoto wetu. Darasa ni maendeleo, mwalimu ndani yake ni matumizi ya kawaida. Wodi ni maendeleo, mtaalamu wa viungo ni matumizi ya kawaida. Kila kitu anachohitaji mtoto mwenye usonji kinaangukia upande ambao kila mwaka watu wanapiga kelele upunguzwe. Mwanasiasa naye anapenda kitu cha kukatia utepe. Ndiyo maana unaweza kukuta jengo limepakwa rangi, limeandikwa jina la mfadhili, na limefungwa kufuli. Jengo limekamilika, bajeti ya mtu wa kulifungua haikuwekwa.

Aprili 2, Siku ya Usonji Duniani, inatimia kila mwaka. Fulana za buluu zinachapishwa, hotuba zinatolewa. Fulana ni ya siku moja. Mwaka huu ukimwona kiongozi wako amevaa, mpongeze, halafu muulize kwa adabu kaunti ina wataalamu wangapi wa usemi kwenye orodha ya mishahara, na wako hospitali gani. Swali hilo moja lina uzito kuliko fulana mia.

Akikujibu "hakuna pesa", mkumbushe Kipengele cha 20 cha Katiba. Kinasema serikali ikidai haina rasilimali za kutekeleza haki kama afya, elimu na hifadhi ya jamii, mzigo wa kuthibitisha ni wake. Si kazi ya mama wa Muyeye kuthibitisha kwamba pesa zipo. Ni kazi ya serikali kumwonyesha kwamba hazipo, na zimeenda wapi.

MANENO YETU MTAANI

Tusiwarushie wanasiasa kila kitu. Mtaani kwetu bado kuna anayemwita mtoto "zezeta" au "taahira", na watu wanacheka. Hata lugha yetu ina makovu. Sikiliza: kipofu, kiziwi, kiwete, kibogoyo. Mtu mzima tumemweka kwenye ngeli ya kiti na kikombe. Ndiyo maana siku hizi tunasema mtu mwenye ulemavu: mtu anatangulia. Si ustaarabu wa kuringa, Katiba yenyewe imesema.

Watafiti wa Kilifi wakiongozwa na Joseph Gona waliwahi kuwauliza wazazi na wataalamu wa pwani usonji unatoka wapi. Wengine walitaja mapepo, uchawi na laana, wengine wakataja maambukizi na matatizo wakati wa kujifungua. Familia nyingi zinapita kote: kwa mganga, kwa mchungaji au sheikhe, na hospitali. Mimi sitamcheka mzazi huyo. Ukienda zahanati ukaambiwa "mtoto atakua tu, subiri", na mganga akakupa nusu saa nzima akakusikiliza, wewe utarudi kwa nani? Anayefika kwanza na kusikiliza ndiye anayeaminiwa. Hiyo pia ni hoja ya kuajiri watu.

Halafu kuna kuficha. Sheria imekataza tangu 2003 kumficha mtu mwenye ulemavu kiasi cha kumnyima huduma anazostahili, na ni kosa. Ila nyumba nyingi mtoto hufungiwa ndani kwa sababu mama ametoka kutafuta chakula na hakuna wa kumwachia. Ukimpeleka mama huyo polisi bila kumpa kituo cha kulea, umefunga mlango wa pili.

TUFANYE NINI, NA LINI

Hapa sasa ndipo wewe unapoingia. Sisi vijana tulisoma Mswada wa Fedha wa 2024 kifungu kwa kifungu. Tulitafsiri, tukachora, tukaeleza kwa Kiswahili, kwa Kigiriama na kwa Sheng. Wenzetu walikufa Juni 25. Siku iliyofuata Rais akatangaza kwamba hatautia saini. Kusoma bajeti tunaweza, tumeshaonyesha. Ila tulisoma ya Nairobi, na ya kwetu tunaiacha iliwe na mchwa kwenye tovuti ya kaunti.

Kalenda iko kwenye sheria, andika kwenye simu yako. Kufikia Septemba 1, Mpango wa Maendeleo wa Mwaka uwe umefikishwa kwenye Bunge la Kaunti. Hapo ndipo wazo linaingia. Lisipoingia hapo, baadaye utaambiwa umechelewa. Kufikia Februari 28, mwongozo wa sera ya fedha, ambapo kila idara inawekewa kikomo chake. Kufikia Aprili 30, makadirio ya bajeti yenyewe. Juni 30 mwaka wa fedha unaisha. Ukija Julai na bango lako, umekuja sherehe ikiwa imeisha.

Ukipata waraka huo, usiogope kurasa. Tafuta neno la ulemavu, kwa Kiingereza maana ndivyo unavyoandikwa. Angalia mambo matatu. Kwanza, je, wenye ulemavu wamepewa fungu lao ama wamefungwa kwenye mstari mmoja na vijana na wanawake? Mkifungwa pamoja, mwenye sauti kubwa ndiye anayekula, na mtoto asiyezungumza hatakula. Pili, je, fungu hilo linanunua vitu peke yake, ama kuna watu ndani yake? Tatu, je, mwaka uliopita pesa hizo zilitumika kweli, ama zilibaki kwenye karatasi?

Usipopata waraka, kuna Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Unaandika barua kwa ofisi husika, na sheria inakuruhusu kuandika kwa Kiswahili. Wana siku 21 kujibu. Barua haihitaji wakili. Andika tu: naomba kujua idadi ya wataalamu wa viungo, wa usemi na wa kuwafundisha watoto shughuli za kila siku walioajiriwa na kaunti, hospitali wanazofanyia kazi, na kiasi kilichotengwa mwaka huu kwa vituo vya kulea watoto. Tia jina, tarehe na namba ya simu. Baki na nakala yenye muhuri.

Na tukumbuke jambo moja kuhusu kura. Katiba, Kipengele cha 83, inamzuia kusajiliwa kuwa mpiga kura mtu aliyetangazwa kuwa hana akili timamu. Mtoto wetu akikua, kuna anayeweza kujaribu kumfungia nje kwa maneno hayo. Kwa sasa hana kura, na mamake siku ya kupiga kura anawaza atamwacha na nani. Agosti 2027 wagombea watakuja Malindi, Watamu, Mariakani na Marafa kuomba kura zetu. Wewe unayo. Swali la wataalamu lisitoke kwa wazazi peke yao, kwa sababu wazazi hawa wamechoka, na mgombea anajua wamechoka.

Mwisho kuna jambo ambalo halihitaji barua wala wakili. Siku kaunti itakapoita wananchi watoe maoni kuhusu bajeti, mkutano utakuwa asubuhi, siku ya kazi, pengine kwenye ukumbi wa mbali. Mama yule anayejua kila kitu kuhusu suala hili hatafika, kwa sababu hana wa kumwachia mtoto na mahamri hayajiuzi. Kama unaishi mtaa mmoja naye, mfuate jioni ya siku iliyotangulia. Mwambie, "Mama, kesho wewe nenda ukaseme, mimi nitakaa na mtoto." Muulize anapenda kula nini, anaogopa nini, na akilia anatulizwa vipi. Akirudi, atakuambia walimjibu nini, na mtajua cha kuandika kwenye barua.